Mwenye leseni ni mwenye imeili, siyo aliyetoa hela

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa nyie wa Kibondo na Kasulu mnaofungasha asali, mawese, maharage na vitenge na kukimbizana na mabasi: leo siongelei picha nzuri wala namna ya kumjibu mteja msumbufu. Naongelea leseni za programu kwenye kompyuta, kitu ambacho watu wanakikumbuka siku kimegoma. Msimamo wangu nausema mapema. Kama una kompyuta zaidi ya moja na hujui kila leseni imesajiliwa kwa imeili ya nani, biashara yako ina mbia ambaye hukumchagua.

Najua kuna atakayesema, "Mimi nauza dagaa kwa WhatsApp, leseni inanihusu nini?" Ukiwa na simu tu, kweli haikuhusu sana. Ukiwa na kompyuta moja pia mambo yanakwenda, fundi anakuwekea kila kitu unaendelea na maisha. Shida inaanza siku ya kompyuta ya pili. Mimi nina meza Kibondo ya kuchapa lebo na stika, mdogo wangu yupo Kasulu anapokea oda na kuandika ankara, na katikati kuna laptopu inayosafiri. Mashine tatu, watu wawili, miji miwili. Hapo ndo unajifunza kwamba ukilipia programu, kuna maswali mawili bado hujajibu: inaruhusiwa kwenye mashine ngapi, na nani anaweza kuihamisha.

Kuna dada mmoja Kasulu, jina simtaji, anauza vitenge na mawese. Aliajiri kijana wa kumtengenezea lebo na matangazo. Kijana akafungua akaunti ya programu ya kubuni kwa imeili yake mwenyewe, dada akalipia mwaka mzima. Wakafanya kazi vizuri. Baadaye kijana akapata kazi Mwanza, wakaagana kwa amani kabisa, hakuna aliyemdai mwenzake. Miezi miwili mbele laptopu ya dada ikafa. Akanunua nyingine, akaweka programu, ikamuuliza imeili na neno la siri. Akampigia kijana. Kijana naye alishabadilisha laini, kodi ya uthibitisho inaenda kwenye namba ya zamani isiyopatikana. Miezi saba iliyolipiwa ikapotea hivihivi, na faili za lebo zote zilikuwa kwenye hifadhi ya akaunti hiyo. Mteja wa Dar alikuwa anasubiri mawese yenye lebo mpya. Mzigo ulikaa stoo wiki nzima.

Hapo hakuna mwizi. Kijana hakuiba, fundi hakuharibu, kampuni ya programu haikudhulumu. Kwa macho ya kampuni, mteja wao ni yule mwenye imeili. Dada alikuwa mtu aliyetoa hela tu. Ndo maana nasema hii habari siyo ya watu wa kompyuta, ni ya mwenye duka.

Sasa tuelewane kuhusu leseni zenyewe, maana nyingi tunazikoroga pamoja.

Fikiria LUKU. Ukinunua umeme unapewa namba 20, na namba hizo zinaingia kwenye mita yako tu. Huwezi kwenda kwa jirani ukaziingiza kwenye mita yake, na hakuna mtu hapa Kibondo anayeshangaa. Basi Windows iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani iko hivyohivyo. Imefungwa kwenye ubao mkuu wa mashine, ule mafundi wanaouita mazabodi. Mashine ikifa, leseni imekufa nayo. Ukibadilishiwa mazabodi, usishangae Windows ikaanza kulalamika. Hiyo haihami, hata ulie.

Kuna Windows ya kununua peke yake, yenye ufunguo wa herufi na namba 25. Hii inafanana na laini ya simu: unaitoa kwenye simu hii unaiweka kwenye ile, ila haiwezi kukaa kwenye simu mbili kwa wakati mmoja. Tangu Windows 10 unaweza pia kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft, ili ukibadilisha mashine uwe na pa kuanzia.

Halafu kuna za kulipia kwa mwezi au mwaka, ambazo ni kama chumba cha kupanga. Hapa kila mwenye nyumba ana masharti yake. Microsoft 365 inauzwa kwa kichwa: mtu mmoja anaweza kuiweka hadi kwenye kompyuta 5. Adobe, wale wa Photoshop na Illustrator, wanakuruhusu kuingia kwenye kompyuta mbili, lakini utumie moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mimi nikiwa nachora Kibondo na mdogo wangu naye akafungua Kasulu kwa akaunti ileile, mmoja wetu atatolewa nje. Antivirasi nyingi za kulipia zinauzwa kwa idadi ya vifaa, kimoja, vitatu au vitano, na kwa kawaida siku zinaanza kuhesabiwa ulipoaktiveti kifaa cha kwanza. Ukinunua ya vifaa vitatu leo na kompyuta ya tatu ukaipata baada ya miezi sita, hiyo ya tatu itakula miezi sita iliyobaki tu.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza "mashine ngapi, kwa wakati mmoja au hapana?" Swali hilo moja linaokoa hela kuliko kubembeleza punguzo.

Nije kwa mafundi wetu. Nawaheshimu sana, wengi walijifunzia kazini, na bila wao nusu ya kompyuta za wilaya hizi mbili zingekuwa vyuma chakavu. Lakini kuna jambo wanalolifanya ambalo linatugharimu na wengi wetu hatulijui.

Laptopu nyingi tunazonunua ni mitumba, zimetumika ofisini huko Ulaya au Dubai kabla ya kufika Kariakoo na baadaye kwetu. Nyingi ya zile zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina ufunguo wake ndani ya mazabodi tayari. Ukipiga Windows upya na ukaiunganisha na intaneti, inajiaktiveti yenyewe bila kumlipa mtu hata shilingi. Ila kuna sharti: lazima upige toleo lilelile. Kama ilitoka na Home, upige Home. Sasa fundi wako ana flashi moja mfukoni, ina Windows Pro, anaipiga kwa kila mteja. Pro haikubaliani na ufunguo wa Home, kwa hiyo haijiaktiveti. Ndipo anapokwambia, "Hii inahitaji kuaktivetiwa, ongeza elfu kumi," halafu anaweka kraki. Yaani ulikuwa na leseni halali mkononi, umelipa ili uwe na ya bandia!

Ukipeleka mashine kwa fundi, mwambie hivi: "Piga toleo ililotoka nalo kiwandani." Akikwambia haiwezekani, muulize umefikaje uamuzi huo. Wengine hawajawahi kujaribu.

Na hizo kraki zenyewe, na "funguo za kampuni" zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya soda, zinafanyaje kazi? Microsoft ina utaratibu kwa taasisi kubwa kama benki na vyuo. Taasisi inaweka seva yake ndani, na kompyuta zake zinaaktiveti kwa kuwasiliana na seva hiyo. Kwa Windows za kawaida, seva haianzi kukubali mpaka zifike kompyuta 25. Kukubaliwa kunadumu siku 180, na kompyuta inatakiwa iendelee kuwasiliana na seva ili siku zianze upya. Ndo maana mtu anawekewa Windows mwezi wa kwanza na mwezi wa saba ujumbe wa kuaktiveti unarudi. Fundi anasema ni virusi. Hapana, ni siku 180 zimeisha.

Kuna nyingine ambayo ufunguo wake una idadi maalumu ya kuaktiveti. Kila ukifomati na kuweka tena, unakula moja. Ufunguo wa taasisi fulani ukivuja na kuuzwa kwa watu mia tano, idadi inaisha au Microsoft wanaufunga, na wewe wa Kasulu uliyeununua kwa mtu wa mtandaoni hujui hata wa kumdai.

Kraki inafanya ujanja: inaigiza ile seva ya taasisi humohumo kwenye laptopu yako. Na karibu kila mara, kabla ya kuiweka, unaambiwa uzime antivirasi. Mwenzangu, fikiria vizuri. Mtu usiyemjua anakwambia mfungie mlinzi chooni halafu unipe ufunguo wa duka. Kwenye mashine hiyohiyo unafungulia akaunti ya benki, kuna namba za simu za wateja wako, na WhatsApp ya biashara imeunganishwa. Mimi hapo siendi.

Unaweza kujikagua mwenyewe sasa hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr, bonyeza Enter. Kutatokea kiboksi kidogo. Ama kitakuambia leseni ni ya kudumu, ama kitakupa tarehe ya mwisho. Kisha rudia kwa slmgr /dli utafute neno OEM, RETAIL au VOLUME. OEM ni ile ya mita ya LUKU, RETAIL ni ile ya laini. Ukikuta VOLUME yenye herufi KMS, na wewe ni duka la watu wawili, basi Windows yako ni ya kuazima. Kiboksi hiki hakigundui kila ujanja, lakini kinaumbua mwingi.

"Nani atanikagua huku Kibondo?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Sheria ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa haki za ubunifu. Lakini tuwe wakweli, hofu yangu siyo mkaguzi. Hofu yangu ni jioni ile mteja wa Dar ameshalipa, basi linaondoka alfajiri, lebo 200 hazijachapwa, na programu inaniambia leseni yangu haitambuliki. Mkaguzi unaweza kumwomba muda, ila basi haliombeki.

Kuna ushauri mwingine unazunguka sana ambao sikubaliani nao: wafanyabiashara watatu mchange, mlipie akaunti moja, mgawane neno la siri. Kwa hesabu inapendeza. Kwa matumizi ni balaa. Akaunti moja maana yake hifadhi moja ya mafaili, kwa hiyo bei zako za jumla na orodha ya wateja mwenzako anaziona. Mmoja akibadilisha neno la siri kwa hasira, wote mpo nje. Na kuna watu wanachukua kifurushi cha familia cha Microsoft 365 cha watu 6 wakidhani kimetatua. Kila mtu anapata akaunti yake, hilo ni kweli, lakini masharti yake ni matumizi ya nyumbani, siyo biashara. Za biashara zipo, zinauzwa kwa kichwa.

Basi mimi nafanyaje na mashine zangu tatu? Sinunui leseni tatu. Hapa wengine watanicheka, lakini nilikaa nikajiuliza ni mashine ipi inaingiza hela moja kwa moja. Ni ile ya Kibondo yenye printa. Hiyo ndo ina programu ya kubuni ya kulipia, kwa sababu lebo ndo biashara. Ya Kasulu kazi yake ni ankara, orodha ya oda na barua mbili tatu. Nikaiwekea LibreOffice, ni ya bure, inafungua faili za Word na Excel, unaiweka kwenye kompyuta hata mia na hakuna wa kukuuliza, ya biashara au ya nyumbani. Mdogo wangu alinung'unika wiki ya kwanza kwamba vitufe vimekaa vibaya. Siku hizi hasemi kitu. Laptopu ya kusafiri ina GIMP na Inkscape, nazo za bure, kwa kurekebisha picha na kuchora vitu vidogo njiani.

Kuna faili za Word zenye majedwali mengi ambazo LibreOffice inazivuruga mpangilio, sikufichi. Ukiwa unapelekewa fomu za zabuni kila wiki, nunua Office halali ya mashine moja, fomu zote zipite hapo. Na kama kazi yako yote ni matangazo ya WhatsApp na Instagram, huenda huhitaji kununua chochote. Watu wanalipia Photoshop kwa fahari tu, kazi yenyewe ingeisha kwenye simu.

Kuhusu imeili: fungua moja ya duka. Siyo ya fundi, siyo ya kijana wa kazi, na ikiwezekana siyo ile uliyofungulia Facebook mwaka 2012 na hukumbuki hata jina uliloandika. Namba ya simu ya kurejeshea iwe laini inayotumika kila siku, maana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine, na kodi zako zitakuwa zinamfikia yeye. Kijana wa kazi mpe nafasi ya kutumia, ila akaunti mama ibaki kwako. Hili halimaanishi humwamini. Hata duka unampa ufunguo wa mlango, humpi hati ya kiwanja.

Na daftari. Mimi natumia la kawaida la shule: jina la mashine, namba yake ya chini, programu, imeili, siku iliyonunuliwa, siku inayoisha, risiti iko wapi. Neno la siri siliandiki humo. Mstari mmoja kwa kila programu unatosha. Laptopu ikiibiwa kwenye basi, nachukua simu, naingia kwenye akaunti, naitoa ile mashine, nafasi inarudi kwangu. Asiye na imeili yake hawezi hilo.

Programu za kulipia kwa mwezi zinataka pia kuonana na intaneti mara moja moja. Microsoft 365 ikikaa zaidi ya mwezi bila kuunganishwa, inakuachia kufungua na kuchapa faili, lakini kuandika inakatalia. Mashine ya stoo isiyo na bando, iwashie hotspoti ya simu dakika kumi kila mwisho wa mwezi.

Haya yote nayasema sasa kwa sababu kuna kuhamahama kunakuja. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi mashine za zamani. Kwa zile za Intel hesabu kuanzia kizazi cha 8 na kuendelea. Kwa hiyo ofisi za huko nje zinatupa laptopu za kizazi cha 6 na cha 7, na zinatufikia kwa bei tamu. Uliza kizazi kabla ya kutoa hela. Na hiyo ya zamani unayotaka kuuza, usimkabidhi mtu kabla hujatoka kwenye akaunti zote, hujaiondoa kwenye orodha ya vifaa vya antivirasi, na kama Windows yake ni ya kununua peke yake, andika slmgr /upk kwenye dirisha jeusi lililofunguliwa kama msimamizi ili ufunguo utoke. Kisha fomati. Ile ya kiwandani iache ilivyo, inaenda na mashine yake.

Laptopu yetu ya kusafiri ni ya kizazi cha 7. Mdogo wangu anakuja nayo Jumamosi kutoka Kasulu, tutaitoa kwenye akaunti hapa mezani kabla mnunuzi hajafika.